Tupeane uzoefu: mliowahi kutembea au kufanya kazi na mjiolojia wa zamani huku nyanda za juu kusini (mshua wangu katutoka)

mtoto_wa_nyundo
Habari za humu wadau. Wiki iliyopita tumemaliza arobaini ya baba. Alikuwa mjiolojia, mtaalamu wa miamba na madini, kaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 70, nusu ya maisha serikalini, nusu kwenye makampuni ya utafiti wa madini, na alipostaafu akawa anazunguka kwa wachimbaji wadogo bila hata kulipwa nauli, mama alikuwa anamsema kila siku. Wa Mbeya wengi mnamjua kwa sura, mzee mrefu, kofia ya pama, nyundo kwenye mkanda.

Kilichofanya niandike ni stoo. Jana nimeifungua nikakuta makreti ya soda 14, ndani hakuna chupa, ni mawe matupu, kila jiwe limepigwa alama ya rangi nyeupe na namba kwa mwandiko wake. Na madaftari 31 ya jalada gumu yamefungwa na mpira wa baiskeli. Nikakaa juu ya ndoo nikalia kama mtoto. Maana kwenye mazishi wasifu ulisomwa dakika nne, alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, basi. Hakuna aliyesema huko porini miezi mitatu mitatu alikuwa anafanya nini, na mimi mwanae nikiulizwa sijui. Alikuwa anarudi na ndevu na vumbi anatuletea asali, tunakula asali hatuulizi.

Kwahiyo mliokuwa nae, au hata na mwingine wa kazi hiyo hiyo, hebu semeni. La pili, kaka anataka stoo iwe fremu ya duka, mawe nayapeleka wapi?

mama_chapati
Pole sana mwanangu. Baba yako nimemlisha miaka mingi, nilikuwa na mgahawa Mwanjelwa kabla soko halijaungua. Siku moja asubuhi ardhi ikatikisika, si sana, vikombe viligongana tu, lakini wateja wakatoka nje wote na hawajalipa. Yeye kakaa vile vile na supu yake. Waliporudi akaomba chapati moja, akamwambia kijana wangu shika huku, dereva wa lori shika huku, na yeye akashika upande wake, akasema vuteni taratibu. Ile chapati ikaanza kuchanika katikati kwa pembe tatu. Akasema pembe hii ni bonde la Rukwa, hii ni la Ziwa Nyasa, hii ni Usangu, na hapa palipoanza kuchanika ndipo mmekaa mnakunywa supu. Watu kimyaa. Mpaka leo nikisukuma chapati ikichanika nasema haya, Mbeya hiyo.

Chapati aliilipa. Deni la chai akalipa mwisho wa mwezi.

kijana_wa_uyole
Hahahaa hii ya chapati ningefundishwa hivi jografia nisingepata F

dereva_mstaafu
Nimemwendesha huyo mzee miaka sita kwenye Land Rover, pole mdogo wangu. Watu wanadhani kazi yao ni kutafuta dhahabu. Asilimia kubwa ni kutembea. Namwacha barabarani saa kumi na mbili asubuhi, ananionyesha kwenye ramani tukutane hapa, kilomita ishirini mbele, na yeye anakatiza milima kwa miguu. Jioni anatokea na mfuko wa mawe mgongoni, kilo thelathini, na mimi ndio wa kubeba kwenye gari, mgongo wangu huu ulivyo ni yeye.

Kitu nakumbuka sana ni ndimu. Walikuwa na kichupa cha asidi, wanadondosha kwenye jiwe, likitoa povu wanajua ni chokaa. Siku moja kule Songwe kwenye chemchemi za maji moto, yale mawe ya tabaka tabaka yanayochongwa mapambo, asidi ikaisha. Akasema niletee ndimu kwenye kapu la chakula. Akalikwangua jiwe kwa kisu mpaka likatoa unga, kakamulia ndimu kwenye ule unga, kainamisha sikio. Anasikiliza! Ananiita njoo usikie. Nikaweka sikio, kweli linachemka kwa mbali chhhh kama soda inayoisha. Tukala samaki bila ndimu siku hiyo.

isimila_boy
Kamwene wadau. Mimi wa Iringa, sikumjua huyu mzee ila tulikuwa na wa kwetu, nae marehemu. Alikuwa anapeleka watoto wa shule Isimila, kule kwenye zana za mawe za watu wa kale, bure likizo. Wote tunakimbilia zile nguzo za udongo kupiga picha, yeye anatuita huku chini kwenye korongo, anaokota jiwe anauliza hili limevunjika lenyewe au limevunjwa? Hakuambii jibu. Unaligeuza geuza mpaka unaona upande mmoja umechongwa, upande wa kushikia umeachwa mnene, unaingia kiganjani kabisa. Nilisisimka nywele. Mtu alilishika hivi hivi kabla hakujawa na Muhehe wala Mbena. Alisema wazungu walichimba pale 1957 na 1958 ndo ikajulikana duniani, lakini wenyeji walishazoea kupita juu ya hayo mawe wakienda kuchunga.

mnyiha_halisi
Hapo kwenye "ikajulikana duniani" ndo huwa nakasirika. Hata Kimondo cha Mbozi wanaandika kiligunduliwa na mpima ardhi mzungu 1930. Kiligunduliwa kwa nani? Wazee wetu walikuwa wanakijua, wahunzi wanakijua. Yeye alionyeshwa. Na alipoonyeshwa akaleta msumeno akakata kipande, kovu lipo mpaka leo nendeni kilima cha Marengi mkaone.

kijana_wa_uyole
Hicho si ndo cha tani 12

mnyiha_halisi
16 we mtoto

kijana_wa_uyole
Tumeenda na shule wakatuambia 12

mnyiha_halisi
Walikudanganya, au ulikuwa unakula karanga

fundi_ramani
Acheni kumharibia dada uzi. Zote zimeandikwa, ni makadirio, wengine 12, wengine 16. Ni bonge la urefu wa mita kama tatu, chuma karibu asilimia 90 na nikeli kama 8, huwezi kuliweka kwenye mzani wa gunia la viazi. Baba yake dada nilimsikia mwenyewe pale akiwaambia wageni jambo zuri zaidi ya uzito, kwamba hakuna shimo. Kitu kizito hivyo kimeanguka kutoka juu na hakuna shimo lake linaloonekana, kwahiyo au kiliviringika au kimekaa muda mrefu mpaka shimo likafutika. Akasema "mnaangalia chuma, angalieni ardhi". Hiyo sentensi ndo imenifanya nisome hiki nilichosoma.

mchimbaji_wa_lupa
Nimesoma kuanzia juu nikasema nipite tu. Nimeshindwa. Dada mimi baba yako namjua, na kuna siku nilitaka kumpiga.

Ilikuwa kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Chunya, enzi hizo barabara ya kutoka Mbeya bado vumbi, ukifika umekuwa mwekundu mpaka kope. Tulikuwa na duara la futi kama sitini, mimi na mdogo wangu wa baba mmoja na vijana wengine. Mvua zilikuwa hazijakata. Duara lilikuwa linakaribia kutema, yaani kutoa dhahabu, tulishaona rangi kwenye karai, na mwenye duara kashakopa hela ya mafuta ya pampu, presha juu. Huyo mzee akaja kwa miguu na nyundo yake. Akasalimia, akaomba kushuka. Tukacheka, mzee wa umri ule. Akashuka kwa kamba kama nyani.

Kule chini akaanza kugonga ukuta na nyundo. Taratibu, anagonga anasikiliza. Sehemu nzima inalia kavu, ting ting. Alipogonga juu ya vichwa vyetu ikalia kama debe tupu. Akaniambia gonga na wewe. Nikagonga. Nilisikia, naapa nilisikia tofauti, ila mtu mwenye njaa hasikii. Akapitisha kiganja kwenye mwamba akanionyesha palipong'aa, laini kama sahani iliyopakwa mafuta, na mistari kama imekwanguliwa, na katikati udongo mfinyanzi unatoa maji. Akasema hapa mwamba ulishawahi kuteleza zamani, na sasa mmemwondolea wa chini aliyekuwa amembeba. Akahesabu matimba, zile nguzo za kushikilia mwamba. Akasema hayatoshi, tokeni mpaka mvua ikate, au wekeni mengine mara tatu ya haya.

Alipotoka mwenye duara akasema huyo katumwa na kampuni ya jirani yenye leseni kubwa, wanataka tukimbie wachukue. Sote tukaamini, maana tulishafanyiwa hivyo kabla. Mimi ndo nilimwambia mzee ondoka kabla sijasahau kwamba una umri wa baba yangu. Hakuondoka. Alikaa kwenye jiwe mdomoni mwa duara mpaka giza, anaandika andika. Mdogo wangu alimpelekea uji.

Usiku walishuka watano. Saa nane tukasikia mlio, si mkubwa, kama gunia la mahindi limeshushwa. Halafu upepo ukatoka kwenye shimo, upepo wa baridi wenye vumbi. Nilikimbilia kamba. Nani alinishika? Huyo mzee, alikuwa amelala chini ya mti pale pale. Alinishika kiuno akaniangusha, akakaa juu yangu, anasema subiri, subiri, kuna la pili. Nilimng'ata mkono dada, nisamehe, nilimng'ata mpaka damu. Dakika kumi hazijaisha likashuka la pili, na pale pa kamba pote pakazibika. Ningekuwa ndani.

Basi akachukua tochi na dira, akapima kwa hatua kutoka duara letu mpaka duara la jirani lililokuwa limeachwa, akachora chini kwa kijiti, akasema shukeni humu, mkifika chini chimbeni kuelekea huku, msiende kulia, kulia ni maji. Tulichimba mpaka saa sita mchana. Tulitokea pale pale alipochora. Wanne tuliwatoa, mmoja kavunjika nyonga lakini anaishi, ana watoto. Mdogo wangu alikuwa upande wa matimba.

Sijawahi kumuona mzee tena baada ya hapo. Sikumwambia asante. Nilikuwa nasema nitamtafuta, nitamtafuta.

mama_chapati
Mwanangu pole. Pole sana jamani.

chai_ya_tukuyu
Nimeacha kupika nimesoma hii. Ndaga fijo kwa kutushirikisha kaka

mdau_wa_itumbi
Poleni. Lakini niseme la moyoni hata kama mtanichukia. Huyo mzee alikuwa mwema, sawa. Ila wajiolojia wengine ndo waliotuumiza. Anakuja mtu na kofia, mnamuonyesha jiwe lenu, anasema naomba sampuli nikapime, mwezi wa nne linakuja gari na karatasi kwamba eneo lina mwenyewe. Lupa, huko Chunya, wazungu walianza kukimbilia dhahabu miaka ya 1920, mji wa Mbeya wenyewe umekua kwa sababu hiyo, waulize wenyeji wa Chunya wamebaki na nini. Mashimo.

fundi_ramani
Mkuu mimi ni mjiolojia na hilo nalipinga. Anayetoa leseni sio mjiolojia. Sisi tunapeleka ripoti tu

mdau_wa_itumbi
Ndo hapo, unapeleka ripoti kwa nani?

fundi_ramani
Kwa aliyenilipa, we mshahara wako unampelekea jirani?

mdau_wa_itumbi
Haya umejibu mwenyewe.

dereva_mstaafu
Vijana tulieni. Nitasema nilichokiona. Kuna mwaka mzee aligombana na bosi wa kampuni moja kambini kwa jambo hilo hilo, alikataa kuweka kwenye ramani mashimo ya wanakijiji waliyomwonyesha kwa roho safi. Sijui nani alikuwa na haki. Najua wiki iliyofuata tulirudishwa Mbeya wote wawili na mimi nilikuwa sijagombana na mtu.

mtoto_wa_nyundo
Nasoma zote, nimeshindwa kujibu haraka. Kaka mchimbaji, alikuwa na kovu mkononi. Alituambia ni mbwa.

Nimerudi stoo natafuta daftari la miaka hiyo.

bodaboda_wa_soweto
Samahani kwa kuingilia, kuhusu mawe, kama ni magumu yanafaa msingi, mimi najenga Iwambi naweza kuja na kirikuu leo

kijana_wa_uyole
Wewe una roho gani

bodaboda_wa_soweto
Kauliza yaende wapi nimejibu

mnyiha_halisi
Dada kabla hujagawa hata moja pima kwanza, kunaweza kukawa na dhahabu humo. Mzee hawezi kutunza mawe ya bure miaka yote hiyo.

fundi_ramani
Dhahabu hamna, na kama ipo ni ya kuonea kwenye lenzi. Thamani yake ni ile namba nyeupe. Jiwe bila namba ni jiwe, jiwe lenye namba na daftari lake unajua limetoka wapi, siku gani, tabaka gani, na huenda mahali penyewe sasa kuna nyumba au barabara. Usitenganishe kreti na daftari hata kama dunia inaisha. Usiyaoshe, usiyapake vanishi. Piga picha kila moja na namba ionekane. Halafu andikia GST Dodoma, ile taasisi ya jiolojia, ofisi ipo pale tangu 1925 enzi za mkoloni, wanatunza sampuli na ripoti. Au waulize MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo hapo Mbeya, wanafunzi wafundishwe nayo.

isimila_boy
Usipeleke Dodoma yatapotea kwenye kabati. Yabaki nyumbani, jenga kibanda, watoto waje waone

mama_chapati
Kibanda hela ya nani?

fundi_ramani
Na jambo lingine muhimu, kama kuna kreti la Panda Hill, ule mlima wa karibu na Songwe wenye madini ya niobi, yale mawe mengine yana mionzi kidogo. Sio ya kuua mtu, ila usiyaweke chumba wanacholala watoto, na ukiyashika nawa mikono kabla ya kula.

kijana_wa_uyole
MIONZI??? dada hama

dereva_mstaafu
Nilikaa nayo kwenye gari miaka sita, nina watoto saba.

fundi_ramani
Mzee wangu sijasema hivyo 😂

chai_ya_tukuyu
Mimi nachangia dogo tu. Baba yako alikuja shule ya msingi kwetu Rungwe akatuuliza nani anaweza kufanya jiwe lielee. Akatoa jiwe jeupe lenye matundu akalitupa kwenye ndoo, likaelea. Akasema hili lilitemwa na huo mlima mnaouona dirishani, kama miaka elfu nne iliyopita, na majivu yake yamekutwa mpaka chini ya Ziwa Nyasa. Mwalimu wetu mkuu akauliza kwahiyo utatema tena? Akajibu Kiejo hapo jirani ulitoa uji wa moto kama miaka mia mbili tu iliyopita, kwa mlima hiyo ni jana. Mwalimu mkuu aliomba uhamisho mwaka huo huo, labda ni sababu nyingine sijui.

mtoto_wa_nyundo
Nimelipata. Daftari la 22.

Siku hiyo kachora duara lenyewe kwa penseli, kwa upande, na alama ya mahali pa kugonga, na mshale wa maji. Pembeni kaandika matimba 7, yalitakiwa 20. Chini kabisa: walioshuka 5, waliotoka 4. Basi. Hakuna kingine. Baada ya hapo kurasa ni tupu, nimehesabu kumi na moja, yeye ambaye alikuwa anaandika mpaka kwenye majalada. Linaanza tena miezi miwili mbele na kalamu ya rangi nyingine.

Hiyo miezi miwili naikumbuka, nilikuwa darasa la tano. Alikaa nyumbani akajenga banda la kuku. Tulifurahi sana, tulimuomba asirudi kazini.

mchimbaji_wa_lupa
Saba. Ndio, yalikuwa saba.

Dada kama kuna jiwe lolote la lile duara humo, naomba moja tu, nikaweke pale alipolala mdogo wangu. Nipo tayari kulipia.

mtoto_wa_nyundo
Yapo manne, kreti la tisa, namba zinaendana na daftari. Fundi ramani kasema tusitenganishe lakini hili litatenganishwa. Hulipi chochote. Njoo Jumamosi, mama yupo, ukifika stendi nipigie nije nikuchukue.

fundi_ramani
Chukueni. Andikeni tu kwenye daftari limeenda wapi.

bodaboda_wa_soweto
Na yale ambayo hayana namba?